Kama ni saa moja tu mkononi: Rolex Explorer au Omega Aqua Terra?

Kuna watu wana saa kumi na kitu kwenye kiboksi cha kioo, kila asubuhi wanasimama wanachagua, mi sipo huko na sina mpango wa kufika huko. Nataka saa moja tu, nzuri, niivae kutoka asubuhi mpaka usiku, saiti, ofisini, kanisani, harusini, shamba la zabibu kule Hombolo, nizeeke nayo. Hela ipo, imetoka kwenye kiwanja cha Ihumwa nilichochukua zamani kabla serikali haijahamia huku, enzi hizo watu wanacheka kwamba nimenunua miiba na mawe, sasa bei za viwanja Dodoma baada ya 2016 mnazijua wenyewe sina haja ya kusimulia. Sehemu kubwa ya hela imemezwa na nyumba, kilichobaki mama watoto akaniambia "hilo fungu lako baba watoto, fanyia unachotaka, usije ukanilaumu uzeeni kwamba nilikubana." Kabla hajageuza maneno nikaanza kusoma habari za saa.

Nimechuja nimechuja zimebaki mbili. Rolex Explorer ya milimita 36, ile yenye namba 124270 iliyotoka mwaka 2021, na Omega Seamaster Aqua Terra ya milimita 38. Zote chuma kitupu, hamna dhahabu hamna almasi, zote hazina betri, zinajijaza zenyewe mkono ukitembea. Bei za dukani hazijapishana sana, weka dola elfu saba hivi, juu kidogo au chini kidogo kutegemea toleo, kwa hela yetu ni milioni kumi na saba, kumi na nane, inategemea dola imeamkaje siku hiyo. Najua. Hiyo ni bajaji, na karibu ya pili. Kama inakukera ishia hapa tu, tutaonana kwenye posti ya kilimo.

Na kabla hamjaanza, ndio, simu inaonyesha saa. Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki ambayo ipo duniani tangu 1989, ina kosa la sekunde kama 30 kwa mwezi na betri yake inakaa miaka saba, maana yake kwa kutunza muda inaweza kuipiga hata saa ya Uswisi ya milioni kumi na nane. Rolex wenyewe wanaahidi isizidi sekunde mbili kwa siku mbele au nyuma, Omega wanaahidi kati ya sifuri na tano mbele, kwa siku, siyo kwa mwezi. Kwahiyo hapa tusidanganyane kwamba ni ishu ya kuwahi kikao.

Sasa nilichokigundua baada ya kusoma mariviu na kuangalia video mpaka bando linakata ni hiki: karibu wote wanaoandika kuhusu saa ni watu wenye saa nyingi, na vitu vinavyowasumbua havimsumbui mtu wa saa moja. Ukishalijua hilo nusu ya ubishi unakufa hapohapo.

Chukua hili la saa kukaa na nguvu. Explorer ikijaa inakaa saa 70 bila kuvaliwa, Aqua Terra ya 38 inakaa 55. Watu wanaandika kurasa nzima, kwamba ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni Explorer utaikuta inatembea mpaka Jumatatu saa kumi alasiri, na ile Omega itakuwa imelala usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu. Sawa. Ila mi nitaivua Ijumaa nivae nini Jumamosi? Nina hiyo moja tu! Mtu wa saa moja anaivua akilala, kama anaivua.

Tarehe hivyohivyo. Explorer haina tarehe, Aqua Terra inayo kwenye kidirisha pale chini. Wenye saa nyingi hawataki tarehe kwa sababu kila wakiokota saa iliyolala inabidi waanze kuizungusha mpaka ifike leo. Kwangu mimi haitalala, nitairekebisha mara tano tu kwa mwaka ile miezi isiyofika 31, unavuta kikichwa cha pembeni unasogeza fasta umemaliza. Na kazi yangu ni mkadiriaji majenzi, QS, siku nzima naandika tarehe, kwenye shajara ya saiti, kwenye vipimo, kwenye barua za mkandarasi. Kitu ambacho kwenye mariviu wanakiita kasoro mimi nakihitaji kila baada ya nusu saa.

Hata habari ya kuuza tena. Ni kweli kabisa Rolex inashika bei kuliko Omega, Omega ukishatoka nayo mlangoni kuna hela umeiacha pale kaunta. Ila hii siiuzi, kwahiyo nayo naitupa.

Kwa upande wa pili kuna mambo ambayo mwenye saa kumi anayaruka, na mwenye moja yatamla kila siku. La kwanza ni mkanda, na ndo lililonichukulia muda mrefu kuliko yote.

Mnaoishi Dodoma mnaijua hali ya hewa ya hapa. Juni Julai asubuhi unatoka na koti, vidole vimeganda, saa nane mchana jua linakupiga kichwani, halafu Oktoba na Novemba ndo usiseme, joto kavu, mkono unavimba mpaka pete haitoki. Saa yenye mkanda wa chuma uliokukaa vizuri asubuhi inakukaba mchana, na ukiilegeza kwa ajili ya mchana asubuhi inazunguka mkononi kama bangili. Explorer wamelitatua hili kijanja, kwenye kifungio kuna kiungo kimoja kimejificha, unakikunjua mkanda unaongezeka milimita 5 bila kifaa chochote, umesimama hapohapo saiti na kofia ngumu kichwani. Ile Aqua Terra niliyoijaribu nilipopita Dubai kwenye mambo ya vifaa ilikuwa na kifungio cha kukunjika pande mbili, kizuri kwa macho, kimelala vizuri, lakini hakina pa kuongezea hata kidogo, ni utoe kipande au urudishe kipande. Mtu mwenye saa kumi siku ya joto anavaa nyingine. Mimi?

Hapo Explorer iko mbele, tena mbele sana.

La pili vumbi. Agosti upepo ukianza kule Mtumba kwenye maeneo ambayo bado yanajengwa, mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Vioo vya hizi saa zote ni safaya, mchanga hauvikwaruzi, safaya ni ngumu kuliko chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga. Ila chuma kinakwaruzika. Mkanda wa Explorer juu wote umepigwa brashi, mkwaruzo unajificha katikati ya mistari ya brashi, Aqua Terra vipande vya katikati vimepigwa polishi vinang'aa kama kioo, na kitu kinachong'aa kama kioo kinaonyesha kila alama. Mwezi wa kwanza utaumia roho, wa sita umezoea. Mi si mtu wa kulia na mikwaruzo, saa ya kazi itaonekana ya kazi, ila nasema ukweli ulivyo. Maji hata siyajadili, moja imethibitishwa mita 100 nyingine 150, na mimi maji yangu makubwa ni bomba la kuoshea buti.

La tatu sumaku, ambalo watu wengi wanalipuuza. Saa ya mekaniki ndani ina kispringi chembamba kama unywele kinachopumua, ndo moyo wenyewe, kikishika sumaku mizunguko yake inagusana saa inaanza kukimbia dakika nzima nzima kwa siku. Na sumaku siku hizi ziko kila mahali, kaveri ya simu, kifuniko cha laptopu, spika, mlango wa friji, saiti ndo kuna mpaka vifaa vya kuokotea misumari. Omega hapa wamefanya kazi kubwa, Aqua Terra inapitia vipimo vya METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, na inastahimili gauss 15,000. Kwa lugha ya mtaani, iweke juu ya spika ya harusi ilale hapo. Explorer nayo kispringi chake ni cha madini yasiyosikia sumaku sana, siyo kwamba iko uchi, ila kwa hili Omega ndo baba lao.

Halafu kuna ile mashine yenyewe ya Omega, ule mfumo wa koaksio unaoruhusu nguvu itoke kidogo kidogo, uliobuniwa na Mwingereza mmoja anaitwa George Daniels, fundi aliyekuwa anatengeneza saa nzima kwa mikono yake, Omega wakaanza kuuweka kwenye saa zao 1999. Msuguano unapungua kwahiyo haitegemei sana mafuta. Na mgongo wa Aqua Terra ni kioo, unaona vitu vinavyozunguka, binti yangu nilimwonyesha kwenye video akasema hiyo ndo tununue, kesi imekwisha kwa upande wake. Explorer mgongo ni chuma, imefungwa, kuna historia tu ya kujifariji, kwamba jina lilianza 1953, mwaka ule Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest, japo wapenzi wa saa mpaka leo wanabishana nani alikuwa amevaa nini kule juu maana Smiths wa Uingereza nao walikuwa na saa kwenye ule msafara. Mi kilele changu ni Mlimwa, hiyo historia hainipandishi bei.

Sevisi sasa. Rolex wanapendekeza kila miaka kumi hivi, Omega miaka mitano mpaka nane, waranti zote ni miaka mitano. Hapa kuna swali ambalo mwenye saa moja lazima ajiulize, saa ikienda sevisi nje ya nchi na kukaa huko miezi, mkononi unabaki na nini? Nilimpelekea hilo swali fundi wangu wa pale sokoni, mzee anayeniwekea betri na kunikatia mikanda miaka yote, anakaa na kile kioo chake jichoni. Nikamwonyesha picha za zote mbili kwenye simu. Akaziangalia muda mrefu, akasema "mheshimiwa" (Dodoma hapa kila mwenye shati la mikono mirefu ni mheshimiwa), "mheshimiwa hizi ukiniletea nitakubadilishia mkanda tu, ndani sifungui, sitaki kesi." Nimempenda kwa hilo. Wapo ambao wangefungua.

Kwahiyo kwa sevisi kila baada ya miaka kumi Explorer inapata pointi tena. Mkihesabu mtaona inaongoza. Na mkononi kusema ukweli inaongoza, 36 inakaa kama imezaliwa pale, ni nyembamba kuliko Omega, inapita chini ya mkono wa shati bila kugombana, uso mweusi, zile 3, 6 na 9 kubwa, unasoma hata ukiwa unakimbilia treni. (Kwa sisi wa Kiswahili ile 3 ni saa tisa, ile 9 ni saa tatu, na 6 ni kumi na mbili, yaani wametuandikia namba tatu na zote tunazigeuza kichwani, Aqua Terra ina vijiti tu haina ubishi na mtu.)

Shida ya Explorer haiko kwenye saa. Iko kwenye jina.

Nenda soko la wamachinga uangalie saa za elfu kumi na tano, nyingi zina taji, nembo ya Rolex. Ile taji kila mtu anaijua, bodaboda anaijua, mwanafunzi wa UDOM anaijua, bibi yangu kijijini Kongwa pengine anaijua. Kwahiyo ukivaa ya kweli unaangukia kwenye moja ya makundi mawili na hamna la tatu. Ama watu wanaamini ni feki, na hiyo kwangu haina tatizo, inalinda mkono. Ama wanaamini ni ya kweli, na hapo ndo kazi inapoanza.

Mi kazi yangu ni kupima kazi iliyofanyika na kuidhinisha hati za malipo. Mkandarasi anasema amemwaga zege kiasi fulani, mi naenda na tepu napima, nasema hapana siyo kiasi hicho ni hiki, nasaini, analipwa kutokana na saini yangu. Sasa fikiria nimeinua mkono kusaini na kuna Rolex. Mkandarasi ataiona. Foremani ataiona. Mtu wa wizara aliyekuja kukagua ataiona, na huyo ndo mwenye macho kuliko wote. Nani nitamsimulia habari za kiwanja cha Ihumwa? Unaanzaje hata? "Samahani wakubwa kabla hatujaendelea na kikao, hii niliuza kiwanja." Mi siyo kiongozi wa umma, sijazi fomu za tamko la mali, hela yangu ina risiti na hati ya mauziano ipo kabatini, lakini mji huu unasoma watu. Kipindi cha Bunge la bajeti Aprili mpaka Juni kaa pale hotelini unywe chai uone watu wanavyoangaliana viatu, saa na magari kabla ya salamu. Na mkandarasi akishaamini kwamba huyu QS anapokea, hata nikimkatia kihalali atadhani nataka kuongezewa. Kazi ya miaka yote ya kujenga jina la kupima sawasawa, niitie mashaka kwa saa?

Kuna rafiki yangu nilimweleza hili akasema naogopa kivuli, mtu msafi avae anachotaka. Yeye anauza vifaa vya umeme. Mwenye duka akivaa Rolex wateja wanasema biashara inakwenda, mwenye kalamu ya kusaini akivaa hiyohiyo wanasema kitu kingine, hii ndo nchi tunayoishi na silaumu mtu, hata mimi ningemwona ofisa fulani nayo ningewaza.

Omega jina lake watu wanalijua pia, siyo kwamba ni la siri, ila Aqua Terra haipigi kelele. Haina taji, haina ringi la rangi, anayeitambua kutoka upande wa pili wa meza ni yule anayependa saa, na anayependa saa akiiona anataka kuongea kuhusu saa, siyo kuhusu hati ya malipo. Nilipoijaribu kule Dubai nilitembea nayo dakika kadhaa kwenye kioo cha duka, yule kaka muuzaji akanivumilia, nikajiangalia nikiwa nimeinua mkono hivi kama nasaini. Ilikuwa saa tu.

Kwahiyo ni Aqua Terra. Kama ningekuwa mhadhiri au daktari au hata muuza vifaa vya umeme kama yule bwana ningechukua Explorer, na ningeivumilia foleni yake, maana kwa Explorer kuwa na hela hakutoshi, unaandikisha jina unasubiri kuitwa. Naiona ni saa bora kwa kuvaa, naandika hivi ili shabiki wa Rolex asije kunipigia kelele, tumeelewana.

Tatizo la mkanda nimelipatia njia, kipindi cha joto nitavaa mkanda wa mpira wenye matundu, wa chuma urudi baridi ikianza, na hiyo kazi fundi wangu ameshasema anaiweza. Ikienda sevisi nitavaa F-91W, ambayo ninayo na ndo ya shambani pia, maana kupogoa zabibu na saa ya milioni kumi na nane naona hapana. Mama watoto alivyosikia akaniuliza sasa hiyo saa moja tu uliyokuwa unahubiri iko wapi, mbona naona mbili. Nikamwambia ya plastiki haihesabiwi. Hajakubali.

Shemeji anapita Dubai mwishoni mwa mwaka, nimempa maelekezo, dukani kwa wakala rasmi tu, kadi ya waranti ijazwe tarehe na namba ifanane na ya kwenye saa, risiti asiitupe maana akifika nayo lazima aitangaze forodhani, sitaki kuanza maisha na saa ya magendo baada ya maneno yote haya niliyoandika kuhusu jina.

Kimebaki kipengele cha rangi ya uso. Kwenye hiyo milimita 38 tangu 2022 kuna bluu, kuna kijani, kuna ya zafarani, na kuna moja rangi ya udongo wa kuchoma ambayo mimi niliipenda pale pale nilipoiona. Nikamwonyesha mama watoto. Akaangalia simu, akaangalia dirishani, akasema "vumbi lote hili la Dodoma tunalolipata bure, wewe unataka kulinunua kwa milioni kumi na nane?"

Basi bluu.